Ghorofa ya Tatu, Upande wa Viatu

Verna Kangas anapiga deki ghorofa ya tatu,
hapa hapa alipopima miguu ya watoto wa Duluth
miaka kumi na tisa, hadi duka likafungwa
na njiwa wakarithi madirisha.

Sasa mji umefufuka, wanasema.
Kuna mkate wa dola tisa. Kuna taa mitini.
Paliposimama rafu za buti za theluji
pana jiko la marumaru la kijana mmoja
na mbwa wake mwenye sweta.

Verna hana kinyongo na mbwa.
Anauliza tu: chumba kimoja, bomba la maji moto,
dirisha hata likitazama ukuta,
kwa kodi isiyomeza mshahara mzima mzima,
mchora ramani alikisahau wapi?
Dukani alijifunza: mguu haukatwi ufuate kiatu.

Saa tano usiku. Basi la mwisho limeshapita.
Anatembea, barafu ikilia chini ya soli,
maili nne hadi kwa dadake, kwenye kochi.

Nyuma yake madirisha yanawaka.
Anayajua yote; kayafuta leo.
La tatu kutoka kushoto, lenye bango KINAPANGISHWA,
tangu Oktoba linawaka bila mtu.