Kwapa la Bashige

Ganzorigi alikuja Goma na kilo mia na thelathini,
fundi wa magreda, masikio yamekunjamana
kama kabichi za Masisi.
Medali mbili za kwao alizifunga ndani ya soksi.
Ya tatu aliiuza; hakusema wapi.

Jumapili, Birere: turubai juu ya mawe ya volkano.
Alibwaga walinzi, wachinjaji,
hata padri mmoja wa Katindo.
Kila aliposhinda alitandaza mikono,
akazunguka polepole, tai mnene,
nasi watoto nyuma yake, tai wembamba.

"Kwetu," alisema, jibini mdomoni,
"goti likigusa chini, basi. Hakuna kuhesabu."

Goti lake la kushoto lilikuwa na hesabu zake.

Bashige, msukuma chukudu, hakujua mtego hata mmoja.
Alijua kushikilia mzigo mteremkoni.
Akashikilia.

Turubai likapasuka. Jiwe likaonja damu.

Tukangoja hasira.
Akainuka, miaka arobaini na mmoja yote,
akainama,
akapita chini ya kwapa la Bashige
lililonuka makaa,
taratibu, kama mtu anayeingia kwake
na mlango ni mfupi.