Kerezo la Kongwa

Tulilinunua Kongwa kwa bei ya chuma chakavu,
mimi na shemeji Ndahani.
Juu ya kitanda chake kuku alikuwa anaatamia.

Mafuta ya taa, msasa, brashi ya waya.
Wiki ya tatu mke wangu akaguna:
"Mimi hujawahi kunisugua mgongo hivyo."

Namba zikarudi moja moja,
kisha, ubavuni, mikwaruzo ya msumari:
M. CHIDAWALI. ZAMU YA USIKU.

Nikaweka msasa chini.

Leo umeme wa Kizota haukukatika.
Utepe wa chuma ukajikunja, wa buluu, wa moto,
bushi ya pampu ya jirani ikatoka
nene kidogo upande mmoja.
"Itakaa," akasema Ndahani.

Kutu ya lile jina nimeiacha,
upana wa kiganja.
Naipaka mafuta tu.