Mlango wa Buhene

Hatua saba, alisema Mama Kavira,
toka mlangoni hadi jikoni.
"Zangu, si zako. Wewe una miguu ya korongo."
Nikaandika saba, mara unyayo wake,
nilioupima kwa utepe wa fundi cherehani.

Ndivyo nyumba ilivyoanza kurudi:
kwanza namba, kisha mistari myeupe
kwenye kompyuta yenye ufa
niliyoinunua Birere kwa mtu asiyetoa risiti.
Ukuta ukasimama. Bati likalala juu yake.
Rangi ikatushinda siku tatu.
"Bluu," alisema. Nikaweka bluu.
"Hiyo ni ya shati la shule.
Yangu ilikuwa mabaki ya kopo, tukaongeza chokaa."
Ndani ya mashine hamna chokaa.
Kuna namba tu; nikazipunguza mojamoja
hadi akanyamaza,
nami nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Jumamosi tukapanda Buhene.
Betri ilipanda chukudu, imefungwa kwa mpira
kama mgonjwa apelekwaye hospitali,
Ndoole akisukuma, akiutukana kila mwinuko.
Kule juu barabara inakwisha ghafla
na unaanza uji wa mlima, ulioganda,
mweusi, wenye meno.
Wengine wameshajenga tena, mbao juu ya jiwe.
Mtu kaanika nguo za mtoto.

Setilaiti zilikosea mita nne:
nyumba ikaangukia choo cha jirani.
Nikaisogeza kwa kidole.
Nyumba nzima, vyumba vitatu na jiko, kwa kidole kimoja,
nikaona aibu, sijui mbele ya nani.

Nikampa simu. "Inua, Mama. Tazama kupitia humo."
Akainua kwa mikono miwili.
Hakusema kitu.
Kisha akavua kandambili.

"Mama, jiwe linakata."
"Nilikuwa nimepiga deki siku ile."

Akaingia.
Meza isiyokuwepo aliizunguka kwa adabu,
jiwe lililokuwepo likamng'oa ukucha.
Ndoole akacheka, akaona damu, akaacha kucheka.
Mama hakutazama chini.
Alikuwa ukutani, kwenye kona ya chumba cha watoto,
anatafuta.
"Hapa palikuwa na ufa."
"Niliuziba. Nilidhani unataka nyumba nzuri."
"Nilitaka yangu."

Asilimia kumi na moja.
Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, na ile harufu ya kiberiti
ambayo sikuihitaji kuiunda.
Akarudi hadi kizingitini, akageuka.
"Sasa nifungie mlango."

Mlango ulikuwa wazi.
Niliuchora wazi kwa sababu aliniambia:
usiku ule anga lilikuwa jekundu kama jiko la makaa,
nikambeba Sikuli, nikamshika Mapenzi mkono,
tukakimbia, mlango tukauacha wazi.
Nilichora alichoniambia.
Sikujua kwamba alikuwa anakiri kosa.

Akanyoosha mkono kuuvuta.
Kamera haikumjua mkono.
Vidole vyake vikapita ndani ya ubao
kama vinavyopita ndani ya moshi,
akajaribu tena, taratibu zaidi,
kama mtu anayefunga chumba chenye mtoto aliyelala.
Simu ikazima.
Tukabaki watatu juu ya jiwe, na betri, na chukudu.

Njiani aliongea jambo moja tu:
bawaba zilikuwa tatu, ya katikati ililia.

Usiku huu umeme umerudi saa sita na dakika kadhaa.
Ufa nimeurudisha, mrefu kidogo kuliko alivyosema,
nitamwacha aufupishe mwenyewe.
Nimefundisha kamera kuutambua mkono:
wangu kwanza, kisha wa Ndoole, mwenye vidole vinne.
Bawaba mbili zimekaa kimya.
Kilio cha ile ya tatu nimekiiba
kwenye gurudumu la chukudu, ubao kwa ubao,
lilipokuwa likiteremka tupu kutoka Buhene.

Nimeufungua na kuufunga mara arobaini.
Lakini sijaufunga hadi mwisho.
Huo, kidogo uliobaki,
ni wake. Jumamosi, mvua ikituruhusu.