Kivuko cha Saa Nane Usiku

Odile Thivierge alinivika vipokea sauti vyake
kama mtu anayemvisha mtoto kofia,
akasema: Ngoja. Usipumue kwa nguvu.
Tulikuwa gatini Tadoussac, mwezi wa tisa,
waya mweusi umetumbukizwa majini
pale mto Saguenay unapomwaga baridi yake.

Kwanza mchanga, kusugua mchanga.
Kisha mlango usiotiwa mafuta,
kisha mluzi, kisha ukucha
ukikwaruza meno ya kitana.
Nyangumi weupe, akasema. Huyo ni mama.
Subiri ndama ajibu.

Kilijibu kivuko.

Nakijua. Mimi ndiye ninayepiga deki sitaha yake,
ninayeokota vikombe vya kahawa,
ninayetambua magari kwa matope yake.
Miaka minne, na sijawahi kukisikia kutoka chini.
Huku juu ni mvumo tu, unalalia.
Kule ni ukuta unaotembea,
na nyuma yake meli ya makontena iendayo Montreal
ikajenga ukuta juu ya ukuta.

Nikamkumbuka mama, Makambako,
kwenye mashine ya kusaga ya Mgaya.
Miaka kumi na tisa kando ya mkanda ule,
debe moja, madebe mawili, unga hadi kwenye kope.
Pale salamu ilikuwa nyusi.
Bei ilitajwa kwa vidole.
Na yale yasiyo na kidole,
kwamba fulani kafiwa, kwamba binti kafaulu,
yalingoja mkanda ukatike.
Nyumbani alituomba chumvi kwa kupiga kelele.
Majirani walimdhania mkali;
mashine ilikuwa bado inasaga kichwani mwake.

Odile anasema nao hupaza sauti,
hurudia neno lile lile mara tatu, mara nne,
halafu hunyamaza.
Anasema sauti ya ndama mchanga ni ndogo,
haifiki mbali.
Hakuendelea. Alikuwa anaandika saa daftarini,
na wino ulikuwa unagoma kwa baridi.

Wahenga walililaumu sikio:
la kufa, walisema, halisikii dawa.
Sijui wangesemaje juu ya sikio zima,
lililoumbwa kusikia ng'ambo ya ghuba,
likifa kwa kujaa.

Injini ikapoa upande wa pili, Baie-Sainte-Catherine.
Dakika saba.
Mlango ule ukalia tena. Kitana.
Na chini yake, mbali, kitu chembamba
kama uzi unaotafuta tundu la sindano.
Odile alinishika mkono, akanibana hadi ikauma.

Kisha taa za kivuko zikageukia kwetu. Zamu yangu.
Nikavua vipokea sauti, nikavaa fulana ya njano,
nikashuka kufungua mnyororo.
Magari tisa. Lori moja la mbao.
Nikayaelekeza kwa mikono,
kwa nyusi,
na injini ikaamka chini ya viatu vyangu.