Usikoroge kwa Hasira

Otylia Wrzos, miaka sabini na mbili.
Goti la kushoto halimtaki, ngazi hazimtaki,
na nje, mjini Łódź, theluji imegeuka tope
kwenye reli za tramu.
Wahenga walisema mtafutaji hachoki.
Wahenga hawakuulizwa habari za goti.

Basi anatafuta akiwa jikoni,
kompyuta ya mjukuu juu ya kitambaa cha meza,
kikombe cha chai mbali na kibodi, kama alivyoagizwa.
Katalogi ya maktaba imefunguka, kimya,
ina kisanduku kimoja cheupe na kimstari kinachopepesa
kama mtu anayengoja umalize kukohoa.

Anataka kijitabu. Jina lake halikumbuki.
Kilikuwa na jalada la kijivu, doa la mafuta,
kilikaa dirishani kiwandani, zamu ya usiku,
yeye akiwa msichana wa kubeba ndoo
na msimamizi Żmuda akikipekua kwa kidole kilicholowa,
akisoma kwa sauti juu ya mvuke:
chumvi kiasi hiki, moto kiasi hiki,
usikoroge kwa hasira.
Nyekundu ile haikuchuja. Shuka la mama yake
lilizeeka, likachanika, likawa tambara la sakafu,
jekundu vilevile.

Anaandika jina la Żmuda jinsi linavyosikika.
Kwa lugha yao sauti hiyo ina tahajia mbili,
mapacha wa kilio kimoja katika vitanda viwili,
na yeye kainamia kitanda kisicho na mtoto.
Matokeo: 0.
Anarekebisha, anatia kitone juu ya herufi.
Matokeo: 0.

Anajaribu *rangi*. Elfu mbili mia tisa na kumi:
rangi za kucha, za nyumba, za mabawa ya vipepeo,
tasnifu nzito juu ya rangi katika ndoto za vipofu.
Pembeni mwa skrini pana chekeche.
Anabofya *pamba*. Anabofya miaka. Anabofya mji.
Makapi yanaruka. Zinabaki tisa,
na zote tisa ni ngeni kwake.

Chai imepoa. Sasa hatafuti tena, anasema tu,
kama unavyoisemesha redio iliyoharibika.
Anaandika: *usikoroge kwa hasira*.

Matokeo: 1.

Maelekezo ya kutia rangi nyuzi za pamba.
Mtunzi hajatajwa. Kurasa 46. Sentimita 20.
Zawadi ya kiwanda kilipofungwa.
Dokezo: ukurasa wa 31, pambizoni, kwa kalamu ya risasi,
"usikoroge kwa hasira".

Kumbe halikuchapwa. Kumbe Żmuda hakuwa mtunzi,
alikuwa pambizo.

Na kuna mtu mwingine, ambaye rekodi haimtaji,
aliyefungua sanduku la vumbi, akapiga chafya,
akapima jalada kwa rula, akahesabu kurasa moja moja,
akafika ya thelathini na moja, akasimama.
Hakuna aliyemwamuru kunakili mwandiko wa mfanyakazi.
Ilikuwa labda Ijumaa, labda saa ya kwenda nyumbani.
Akavuta kiti, akanakili.

Kiswahili kinajua tofauti ambayo Otylia
anaihisi tu kifuani.
Miaka hamsini kijitabu kilikuwa *kiko*:
kokote, duniani, pengine motoni.
Leo skrini inasema *kipo*:
rafu fulani, namba fulani, nakala moja, haijaazimwa.
Na ndani yake, *kimo* kidole kilicholowa.

Anabofya *Niwekee*.
Kitamsubiri hadi Alhamisi, ghorofa ya tatu.

Anasogeza miwani. Anatafuta kitu kimoja zaidi,
kwa herufi ndogo, chini kabisa ya ukurasa:
je, jengo lina lifti?

Lina.