Safu ya Nyuma

Nimetoka zamu ya usiku, vumbi la shaba bado kwenye kucha,
na juu ya meza ya jikoni kumelala mwezi.
Ni puto. Nayareth amelivika magazeti ya juzi
kwa uji wa ngano, tabaka juu ya tabaka:
bei za magari, matangazo ya vifo,
picha ya meya akikata utepe.
Sasa meya ana kasoko shavuni.

"Usiguse, baba. Bado mbichi."

Ismael, wa miaka minne, anapaka roketi rangi ya fedha,
roketi iliyokuwa chupa mbili za sabuni ya kufulia,
mabawa yake ni trei ya mayai,
na moto wa mkiani ni utepe wa zawadi ya Krismasi
ambao Orietta aliuhifadhi miaka mitatu
bila kujua anamhifadhia nani.

Jumamosi tukalipasua puto kwa sindano.
Pa!
Mwezi ukabaki umesimama peke yake,
mgumu nje, mtupu ndani.
Nayareth akakata dirisha la uso kwa kisu cha mkate,
mama yake akimshika mkono, yeye akiishika pumzi,
akaivaa kofia yake
na hakuivua tena.
Alikula tambi kupitia dirishani.
Alisali kwa sauti ya mtu aliye mtungini.

Sinema iko ghorofa ya tatu ya duka kubwa,
na Calama Jumapili jioni ni upepo, mchanga, na familia
zenye baba aliyepewa siku saba za kupumzika.
Tiketi nne. Bisi ndoo moja,
maana ya pili ingetugharimu mafuta ya wiki.
Mkagua tiketi, kijana mwenye chunusi na tochi,
akalitazama lile bichwa la gazeti, akalitazama tena.
"Bibie, walio nyuma yako hawataona kitu."
Nayareth akafikiri kama mhandisi.
"Basi tupe mahali ambapo nyuma yetu hakuna mtu."

Ndivyo tulivyokaa safu ya nyuma, visogo ukutani.
Taa zikazimwa. Ngurumo ikaja, viti vikatetemeka,
na Ismael akaziba masikio,
si yake, ya roketi.
"Huko juu hakuna hewa," mtungi ukasema,
"kwa hiyo hakuna kelele. Wamekosea."
Mwanamke wa safu ya mbele akageuka, akacheka,
akatoa peremende mkobani,
nayo ikaingia dirishani, ikapotea.

Nami, dereva wa lori lenye tairi refu kuliko mlango wangu,
mimi niliyeapa kwamba safari hii sitasinzia,
nililala kabla hawajaufikia mzingo wa dunia.
Sikuota. Usingizi wa mgodini hauna picha.

Nikaamka gizani, harufu ya unga puani,
pumzi yangu ikinirudia usoni,
na karibu na jicho langu la kushoto
tangazo la mazishi ya mtu nisiyemjua, limepinduka juu chini.
Nje, mbali, watu walikuwa wakiinuka,
wakikanyaga bisi.

"Ulikuwa unakoroma," akasema Nayareth.
Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi
niliuona uso wake mzima,
una wino kidevuni, nywele zimeganda kwa uji.
"Nikakuvisha ili wasisikie.
Hewa ilikuwa kidogo, lakini ulivumilia."

Nilishuka ngazi nayo kichwani, nani angenivua?
Mlinzi wa maegesho akanipigia saluti.
Orietta akanyoosha mkono, akachukua funguo, hakusema neno,
na gari likatoka mjini kuelekea kwetu
ambako taa huisha upesi
na nyota husogea karibu kama mbwa wa jirani.

"Mwishowe je," nikauliza kupitia dirisha langu, "walirudi?"

"Walirudi wote," akasema kutoka kiti cha nyuma,
kinywa kimejaa peremende.
"Ila baba yao alilala njia nzima."