Fomu ya Baraza, Kata ya Hombolo

Fomu ina mstari mmoja tu wa kujaza.
Usuluhishi: umefaulu, umeshindikana.
Nimeshika kalamu tangu saa nne.

Nyemo amekuja na risiti za nguzo na waya,
za miche mia nne ya zabibu, yote ya mkopo.
Sechelela amekuja na mikono.
Kucha zimenywa rangi ya mavuno tisa.
"Na hii ni risiti," akasema,
akaitandaza mezani.

Mjumbe Chilongani akaanza ile ya mafahali wawili.
Mwanasaikolojia aliyetumwa kutoka mjini, dada Veneranda,
akamwomba kwa adabu aiweke akiba:
"Nyasi zenyewe zipo mlangoni, mzee. Zinasikia."

Kweli. Damari, miaka saba, kizingitini,
anahesabu misumari ya bati.

Nilidhani ataulizwa: unampenda nani?
Nimeliona swali hilo mahakamani
likimkausha mtoto mate.
Veneranda alikaa sakafuni, kwenye vumbi, na kitenge chake kipya,
akauliza:
"Sweta lako la shule hulala wapi?"

"Kwa baba. Nikilala kwa mama, naenda shule bila.
Mama haendi kulichukua.
Baba haji kulileta."
Akafikiri kidogo.
"Sweta lenyewe halina kosa."

Nyemo akazikunja risiti, akazikunjua.
Veneranda akanyamaza.
Miaka kumi na mmoja kazi yangu ni maneno;
sikujua kuna kunyamaza kwa ufundi namna ile,
kama mtu aliyeushikilia mlango kwa mguu
upepo usiufunge.

Hawakurudiana. Usingoje hilo.
Shamba litakwenda kwa hakimu, na nguzo zake na waya wake.
Ila kabla ya saa nane walikuwa wamekubaliana,
kila mmoja akimtazama mwenzake begani:
Jumapili jioni, kibandani kwa mama Mbeleje wa vitumbua,
sweta litabadili mikono.
Nani alete. Nani apokee.
Na mvua ikinyesha je?
Mvua, Hombolo, mwezi wa nane!
Lakini waliulizana, na walijibizana,
na sauti haikupanda.

Nimeandika: umeshindikana.
Nimepiga muhuri.
Pembeni, pasipo na mstari,
nimeongeza kwa penseli:
sweta.